Mkwe Hatazamwi

Watu wa filamu walipofika Kisondela nyumbani kwa Tupokigwe, kazi ya kwanza waliyoifanya ilikuwa kumfanya maskini zaidi ya alivyokuwa.

Walianza na pazia. Lilikuwa jipya, la maua mekundu, na dada mmoja aliyevaa buti za mpira alilishusha, akalikunja vizuri, akasema, "Samahani mama, hili linang'aa mno. Linaua huzuni." Vikafuata vitambaa vya kufuma vya kwenye makochi. Ikafuata kalenda ya kanisa, kisha chupa ya chai. Sufuria zake tatu, alizozisugua kwa mchanga mpaka unajiona meno, zilitolewa nje, na mahali pake ikawekwa sufuria moja nyeusi, imebonyea, ina tundu. Ile sufuria ilikuwa imetoka Dar es Salaam. Imepanda gari la maana lenye kiyoyozi, imesafiri karibu kilometa mia tisa, kuja kuwaonyesha watu wa Rungwe umaskini unavyokaa.

"Sufuria zangu hazina tatizo," alisema Tupokigwe.

"Ndiyo tatizo lenyewe, mama," alijibu yule dada.

Doreen, binti yake wa kidato cha nne, alikuwa ameegemea mlango akila parachichi kwa kijiko. "Mama, umesikia? Wametuchagua kwa umaskini wetu, halafu wamefika wamekuta hatujafaulu."

Siku nyingine Tupokigwe angecheka, au angemrushia kandambili. Sasa alisogea tu kupisha kochi lipite. Tangu Machi, lori la ndizi lilipopinduka mteremko wa Kiwira likiwa na mumewe Lukasi juu ya mzigo, Tupokigwe alikuwa mtu wa kukubali. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia kula, anakula, na ukimwuliza amekula nini itabidi aangalie sahani. Hakulia msibani, hakulia arobaini. Watu walisubiri machozi yake kama wanavyosubiri basi lililoharibika njiani: kwanza kwa subira, kisha kwa maneno, mwishoni wakatawanyika.

Huo uso ndio uliowaleta. Mwongozaji wa filamu, kijana aitwaye Emmanuel, mwenye rasta na kofia ya sufu, alipita Julai kutafuta nyumba, akamkuta mama huyu akimenya ndizi za kupika. Alisimama akimtazama mpaka ndizi zikaisha. "Huyu haigizi," alimwambia mwenzake. "Huyu hayupo kabisa. Namtaka." Kisha akamwuliza kama angependa kuwa kwenye filamu. Tupokigwe hakusema hapana, na siku hizi huko ndiko kusema ndiyo kwake.

Hadithi ya filamu haikuwa ngumu. Mwanamke amefiwa na mume. Mume anarudi na ukungu kila alasiri, anasimama migombani, kila siku akisogea hatua chache kuelekea nyumba. Siku ya mwisho anafika mlangoni. Mwanamke anainua macho, anamtazama usoni dakika nzima, mzimu unaondoka kwa amani, watu wanalia, filamu imekwisha. Emmanuel aliichagua Rungwe kwa sababu ya ukungu. Alisema Dar ukungu unatoka kwenye mashine, unanuka plastiki, na unalipiwa kwa saa. Huku unapewa bure, na ukitaka kuurudisha hakuna wa kumrudishia.

*

Aliyeletwa kuwa mzimu alikuwa mwigizaji wa mjini aitwaye Nelson, kifua kipana, ndevu za kuchonga. Alisimama migombani siku ya kwanza kwenye mvua, amepakwa unga mweupe usoni. Siku ya pili alisimama tena. Siku ya tatu mzimu ulipiga chafya kumi na moja mfululizo, ukaomba tangawizi, ukaomba blanketi, na kesho yake asubuhi ukapanda basi kurudi Dar es Salaam.

"Sijawahi kuona marehemu anaogopa mafua," alisema Doreen.

Emmanuel alikaa kwenye ngazi ya nyumba ameshika kichwa. Majirani waliokuja kutazama wakamwonea huruma. Mtu wa Kisondela hawezi kuona mgeni ana shida akanyamaza. Ni lazima amshauri, hata kama ushauri wenyewe utaongeza shida.

"Kijana, unahangaika nini?" alisema mmoja. "Si unataka mtu afanane na marehemu? Mchukue Mzee Geresoni. Baba yake mzazi. Ukimwona yule umemwona Lukasi."

"Lukasi mtupu," akaitikia mwingine. "Tofauti mvi tu."

"Na mzimu si lazima uwe na mvi? Huko alikotoka kuna kinyozi?"

Wakacheka, na Emmanuel akainuka kama aliyefufuliwa. Aliwahi kumwona huyo mzee, mrefu, mkimya, akipita na panga lake chini ya uzio. Hakuna aliyekumbuka kumweleza kijana wa watu jambo moja dogo, kwa kuwa kwao halikuwa jambo la kuelezwa, kama ambavyo humwelezi mgeni kwamba mvua inatoka juu.

Mkwe hatazamwi.

Siku hizi mjini Tukuyu vijana wanakula meza moja na wakwe zao, wanapiga nao picha, wanawaazima chaja. Lakini uani kwa Mzee Geresoni, mzee wa kanisa na mtoto wa wazee wa zamani, mambo yalibaki yalivyokuwa. Mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani, anachuchumaa, anajifunika kitenge mpaka apite. Hamtaji jina. Hasemi naye. Na mzee naye haingii kamwe nyumba ya mkamwana wake. Akikaribia anakohoa mara mbili kutoka mbali, ili mwenye kukimbia akimbie bila kuvunja kitu. Miaka ishirini na mmoja Tupokigwe alikijua kikohozi hicho kuliko wimbo wowote wa kanisani. Aliijua kofia ya mzee kwa nyuma, na visigino vyake, na namna anavyoburuza mguu wa kushoto. Uso hakuwahi kuuona.

Habari zote baina yao zilipitia kwa Doreen. "Doreen, mwambie babu yako chakula kipo." Na kutoka nje, hatua tano tu, "Doreen, mwambie mama yako nimesikia." Siku Doreen akiwa shuleni walimtuma hivyohivyo, na ujumbe ulifika.

*

Jioni hiyo, mvua ikiwa imepungua, mama na binti walikuwa jikoni wakimenya viazi vya watu wa filamu.

"Babu amekubali," Doreen alisema. "Nilidhani atamfukuza Emmanuel kwa fimbo. Ameuliza kitu kimoja tu: 'Huyo mzimu wenu, mwisho wake anafika mlangoni?' Akaambiwa anafika. Akasema basi nitakuja."

Tupokigwe aliendelea kumenya.

"Wewe utafanyaje, mama? Dakika nzima! Macho kwa macho!"

"Eti wanafanana?"

"Nani?"

"Babu yako. Na baba yako."

Doreen akaacha kisu. Tangu Machi mama yake hakuwa amewahi kuuliza swali, hata la saa ngapi. "Watu wanasema," alijibu taratibu. "Mimi nimewazoea wote, sijui. Kwa nini?"

Tupokigwe alichukua kiazi kingine. Jibu lilikuwepo, ila lilikuwa la aibu. Alikuwa amemsahau mumewe sura.

Haikuja siku moja. Ilianza Juni, alitaka kumkumbuka anavyocheka, akapata sauti bila mdomo. Agosti yakaenda macho. Picha hazikumsaidia. Picha ya harusi ililiwa na unyevu ikabaki gauni na maua. Simu ya Lukasi ilizama mtoni pamoja na mzigo. Kwenye simu za ndugu hakuwemo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anashika simu kuwapiga wenzake; alipoonekana lilikuwa bega, au kivuli chake majanini. Picha iliyowekwa juu ya jeneza ilitolewa kwenye kitambulisho, na ilimwonyesha mtu anayeshitakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Jeneza lenyewe halikufunguliwa. Walisema asimwone alivyo, abaki na sura anayoijua. Akabaki nayo miezi mitatu.

Na sasa, hatua mia moja kutoka mlangoni kwake, palikuwa na mtu ambaye kijiji kizima kilisema ndiye Lukasi mtupu, na katika watu wote wa Kisondela ni yeye peke yake asiyeruhusiwa kwenda kuhakikisha.

*

Kesho yake alasiri ukungu ulishuka vizuri. Mzee Geresoni alivalishwa koti la mvua la mwanawe, akapakwa unga, akawekwa migombani. Tupokigwe aliketishwa sebuleni akiutazama mlango, sufuria ya Dar es Salaam mbele yake. Doreen alijaribu kumweleza Emmanuel, lakini Emmanuel alikuwa ameinua mkono kumnyamazisha, anatazama kioo cha kamera.

"Anza!"

Kutoka ukunguni, kikohozi. Mara mbili.

Tupokigwe aliondoka kama kuku aliyemwona mwewe. Alipita jikoni, akapiga teke ndoo, akatoka mlango wa nyuma, na alipoonekana tena alikuwa amechuchumaa katikati ya migomba, kitenge kichwani.

"Kata!" Emmanuel alipiga makofi. "Mmeona? Mmeona ile hofu? Mama, umeua! Lakini tunarudia, safari hii usikimbie."

Walirudia. Alikimbia. Mara ya tatu walimwomba mzee asikohoe. Mzee akasema haiwezekani, atakuwa amemvizia mke wa mtu. Mara ya nne mpiga picha alisimama mlango wa nyuma kuuziba, akakumbwa, akakaa chini na kamera mapajani.

Hapo ndipo Doreen alipopata nafasi ya kueleza, na dada wa Lukasi, Alinanuswe, aliyekuwa ameketi upenuni tangu asubuhi akihesabu makosa, akamsaidia.

"Mnamtaka amtazame mkwe? Mwanaume aliyemzaa mume wake? Kaburi bado udongo mbichi, hata saruji halijapata! Kwetu mwanamke akifanya hivyo ameshafunga mizigo. Anarudi kwao." Akamgeukia Tupokigwe. "Au ndilo unalolitafuta, wifi? Machozi hukutoa, sasa unataka kutoa macho?"

Tupokigwe alifuta tope gotini.

"Sikujua," alisema Emmanuel. "Mama, nisamehe. Basi tutafanya kitaalamu. Mzee tutampiga peke yake. Wewe utatazama kitu kingine, tutaunganisha."

Kitu kingine kilikuwa ufagio. Waliusimamisha mlangoni juu ya ndoo, wakauvika kofia, wakaufunga kitambaa chekundu mahali pa macho. Tupokigwe aliutazama ufagio dakika nzima, kama alivyoambiwa. Aliutazama tena kutoka upande mwingine. Uso wake haukuwa na kitu, kama siku zote, na siku zote Emmanuel alikuwa ameupenda hivyo.

Safari hii aliitazama picha kwenye kioo kidogo, akavua kofia yake ya sufu, akaivaa tena.

"Anatazama ufagio," alisema.

"Si ndio mliomwekea?" Doreen akauliza.

"Ndiyo. Na machoni mwake unaonekana." Akawageukia wenzake. "Pakieni. Mwisho tutauacha migombani, mzimu haufiki. Kesho asubuhi tunaondoka."

*

Wakaanza kukunja nyaya. Dada wa buti za mpira alileta lile pazia akauliza litundikwe upande gani. Alinanuswe aliinuka, akajinyoosha mgongo, ameridhika kama mtu aliyezima moto wa jirani.

Nje, upande wa pili wa ukuta, Mzee Geresoni alikuwa bado amesimama. Hakuna aliyemwambia imekwisha. Tupokigwe aliisikia mvua ikipiga lile koti. Aliijua sauti hiyo. Alilala akiisubiri misimu mingi, Lukasi akichelewa kutoka Kiwira, mpaka imkaribie mlangoni. Akafumba macho amwone anavyoingia. Koti likaja. Juu ya koti hapakuwa na mtu.

"Doreen," alisema. "Mwambie babu yako asiondoke."

Doreen akatazama ukuta, akamtazama mama yake.

"Mwambie nataka kumtazama."

Mtu wa taa alikanyaga nyaya zake mwenyewe. Alinanuswe aliketi tena, lakini vibaya, nusu kwenye kigoda chake nusu hewani. "Kyala, Mungu wangu! Wifi, una akili? " Akapaza sauti kwa baba yake. "Tata, umesikia anavyosema? Maneno kama haya, na wewe unasimama unasikiliza?"

Mvua tu kwenye koti.

"Doreen," sauti ya mzee ilikuja, nene, ya polepole. "Mwulize mama yako ni kwa ajili ya hao watu wa picha?"

"Mwambie hapana. Mwambie nimempoteza Lukasi sura. Naamka namtafuta simpati. Mwambie watu wanasema anayo yeye."

Doreen alifungua mdomo arudie, akashindwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yake ya utarishi kushindwa kufikisha barua.

Haikuhitajika. Mzee alikuwa amesikia, maana aliburuza mguu, hatua moja, akasimama.

"Alinanuswe," aliita.

"Tata."

"Siku ya kumzika ndugu yako nilikaa wapi?"

"Nje, na wanaume. Kwenye mgomba ule."

"Na siku ya arobaini?"

"Hapohapo."

"Hapohapo. Nyumba ya mwanangu sijui ina vyumba vingapi. Yeye alijenga, mimi nilimkatia mbao. Sijawahi kuona zilikokaa." Kikohozi kikamjia, akakimeza. "Hawa vijana wamenivalisha koti la mtu, wamenipaka unga, wananiita marehemu tangu jana. Mimi nasema marehemu hana wakwe. Kama ni kosa, ni langu. Mtakuja kulisemea kanisani Jumapili, nitakuwepo kiti cha mbele."

Alinanuswe alitafuta la kusema kwa Kinyakyusa, akalitafuta kwa Kiswahili, akakosa kotekote. Akajifunika uso yeye, kama kwamba lazima ajifunike mtu.

Emmanuel hakupiga kelele ya "Anza." Alimgusa mpiga picha bega tu.

*

Hakukohoa. Tupokigwe aliisikia miguu ikipanda ngazi, mmoja ukiburuzwa, na mwili wake wote, wenye mazoea ya miaka ishirini na mmoja, uliinuka ukimbie. Alishika sufuria kwa mikono miwili. Miguu ikafika mlangoni, ikasimama. Akaona buti, zina tope. Akaona pindo la koti. Akapanda na vifungo, kimoja kimoja: cha tatu hakikuwepo, aliahidi kukishona tangu Februari. Akafika kwenye kola.

Akainua macho.

Hakuwa Lukasi.

Hakuwa Lukasi hata kidogo. Pua ilikuwa pana, ya mtu mwingine. Masikio yalikuwa makubwa, yamelala. Mvua ilikuwa imechora mistari kwenye unga, na chini ya unga palikuwa na mzee mwembamba, midomo ya bluu kwa baridi, jicho moja lina mtoto wa jicho. Watu walikuwa wamesema uongo tu, ule uongo mwema wa msibani wanaowapa wafiwa pamoja na sukari na mchele. Alimtafuta Lukasi kwenye paji la uso, kwenye mashavu, alimtafuta shingoni. Alitafuta kwa zamu, bila haraka, kama mtu anayekagua mifuko ya nguo kabla ya kufua. Hakuwepo. Na Tupokigwe akajua kwamba hatakuwepo tena popote, na hili nalo likaingia ndani yake likakaa kimya pamoja na mengine.

Mzee hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama dari. Macho yake yalitembea juu ya mbao, moja baada ya nyingine, na mdomo wake ulikuwa unahesabu.

Alikuwa anatetemeka. Maji yalimtoka kwenye mikono ya koti yakadondoka kizingitini, na hakuvuka.

"Baba," alisema Tupokigwe.

Alinanuswe aliguna chini ya kitenge. Mzee aliteremsha macho kutoka darini.

"Baba, umelowa. Ingia ndani."

"Hii haimo," mpiga picha alinong'ona. Emmanuel alimkanyaga mguu.

Mzee Geresoni alivua kofia. Alivuka kizingiti kwa mguu mzima kwanza, kisha akauvuta ule mwingine. Katikati ya sebule akasimama kama mgeni kwenye ofisi ya serikali asiyejua dirisha lake ni lipi. Alitazama makochi yasiyo na vitambaa, msumari usio na kalenda, ile sufuria yenye tundu.

"Doreen," alianza. Akaacha. Akasafisha koo. "Alikuwa anakaa wapi?"

Tupokigwe alinyoosha kidevu kuelekea dirishani, palipokuwa na kigoda cha mti, kile ambacho watu wa Dar walikiacha kwa sababu kilifaa.

"Pale. Ila mguu mmoja umelegea. Alisema atautengeneza Jumamosi."

Mzee alikisogelea. Hakukikalia. Aliinama taratibu mpaka akachuchumaa, akakipindua, akaushika ule mguu, akautikisa kushoto na kulia kuona umelegea kiasi gani.

"Nyundo ipo?" akauliza.